Mahindi, muhogo au mkonge: liulize jani kabla hujapanda

Mjomba wangu ana ekari tano upande wa Muheza. Chini shamba linagusa kijito, katikati pana miembe na minazi iliyopandwa na babu, na juu ni kilima cha mawe ya chokaa ambako jembe hulia kila unapolishusha. Msimu mmoja mvua za masika zilikatika katikati ya Mei, mahindi yake yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Jirani wa kushoto alikuwa na muhogo, wa kulia alikuwa na mkonge. Mahindi ya mjomba yalijikunja majani yakawa kama misumari ya kijani. Muhogo wa jirani ulipukutisha majani ya chini, ukabaki na kishungi kidogo kileleni. Mkonge ulisimama vile vile, kana kwamba habari za mvua haziuhusu.

"Mpwa wangu," akaniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu, "wewe ndiwe unayefundisha watoto habari za mimea. Ardhi moja, jua moja. Mbona hawa watatu kila mmoja kafanya lake?"

Siku ile nilimjibu nusu nusu, tukiwa tumesimama juani. Jibu kamili ni hili, nami naliandika kwa yeyote mwenye kipande cha ardhi Tanga, iwe Korogwe, Pangani, Mkinga au Handeni, ambaye bado anapima kati ya mahindi, muhogo na mkonge. Habari za bei na soko mtaambiwa na wengi. Mimi nataka tuanze na jani, kwa sababu mkulima hana anachouza ambacho jani halikukipika kwanza. Sembe, wanga wa muhogo na singa (nyuzi) za mkonge, sehemu yake kubwa ilikuwa hewa na maji kabla ya kuwa mali.

Jiko ni la aina moja

Ndani ya seli za jani mna chembe za kijani ziitwazo kloroplasti, makumi kwa makumi katika seli moja. Rangi yake ni ya klorofili, ambayo wengine huiita umbijani. Klorofili hunasa zaidi mwanga mwekundu na wa buluu. Ule wa kijani hauhitaji sana, ndio unaorudi machoni mwetu. Humo ndimo unamofanyika usanisinuru, yaani upishi wa chakula cha mmea kwa nguvu ya mwanga.

Kazi yenyewe ina awamu mbili. Ya kwanza hutokea kwenye ngozi nyembamba zilizopangwa juu kwa juu mithili ya chapati kwenye sahani. Nguvu ya mwanga hupasua maji, oksijeni hutoka, na nguvu iliyopatikana huwekwa katika vibebeo viwili ambavyo wanafunzi wangu huvijua kwa majina ya ATP na NADPH. Oksijeni hiyo tunayoivuta hutoka kwenye maji, si kwenye hewa ya ukaa. Jambo hili lilionyeshwa mwaka 1941 kwa kutumia oksijeni nzito, na bado kila mwaka darasani nakuta watoto walioamini kinyume chake.

Awamu ya pili hufanyika katika majimaji yanayozizunguka chapati hizo. Hapo kimeng'enya (kichocheo cha kazi za seli) kiitwacho rubisko huichukua hewa ya ukaa na kuipachika kwenye sukari yenye kaboni tano. Kinachopatikana hugawanyika papo hapo kuwa vipande viwili vya kaboni tatu tatu. Kutoka kwenye vipande hivyo, kwa kutumia ATP na NADPH za awamu ya kwanza, mmea hutengeneza sukari, wanga, mafuta na nyuzi. Melvin Calvin na wenzake huko California waliifuatilia safari hiyo hatua kwa hatua kwa kutumia kaboni yenye mnururisho, na Calvin akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961.

Hadi hapo muhogo, mahindi na mkonge ni ndugu. Klorofili yao ni moja na rubisko wote wanayo. Wanaachana mlangoni.

Shida mbili za mlangoni

Hewa ya ukaa ni kidogo mno hewani, kama asilimia 0.04 tu. Ili kuipata, jani lazima lifungue matundu madogo yaitwayo stomata, mengi yakiwa upande wa chini. Na tundu likishafunguka, mvuke wa maji hutoka nje kwa wingi kuliko hewa ya ukaa inavyoingia. Jani likifunga mlango linashinda njaa, likifungua linakauka. Hakuna mmea wa nchi kavu uliokwepa kabisa biashara hii, ila kila mmoja ameipangia bei yake.

Shida ya pili ni rubisko yenyewe. Ni kimeng'enya cha polepole, na hakitofautishi vizuri hewa ya ukaa na oksijeni. Katika joto la nyuzi 25, kwenye jani la kawaida, takriban mara moja katika kila nne hunasa oksijeni badala ya hewa ya ukaa. Kikishakosea, mmea hulazimika kurekebisha kosa hilo, na katika kurekebisha hupoteza kaboni iliyokwisha kuingia. Hasara hiyo huitwa upumuaji wa mwangani. Joto likipanda, makosa huzidi. Matundu yakifungwa kwa ukame, yanazidi tena, kwa kuwa hewa ya ukaa iliyomo ndani hupungua huku oksijeni ikiendelea kujaa. Sasa fikiria mchana wa Tanga wakati wa kaskazi, jua la utosi na joto la nyuzi 32. Hapo ndipo tofauti ya majani haya matatu inapoanza kuhesabika kwa debe na gunia.

Muhogo: mlango wa mbele

Muhogo unatumia njia ya zamani na rahisi. Hewa ya ukaa inaingia, inakutana na rubisko moja kwa moja, kazi inaanza. Kwa sababu kitu cha kwanza kinachopatikana kina kaboni tatu, wanasayansi huiita njia ya C3. Mpunga, maharage, mnazi, mkorosho na sehemu kubwa kabisa ya mimea ya dunia hufuata njia hiyo hiyo.

Uzuri wake ni gharama ndogo: kila hewa ya ukaa moja hudai ATP tatu tu. Ubaya ni kwamba upumuaji wa mwangani hauna kizuizi, na maji hutoka sana. Mimea ya kundi hili hupoteza kwa kawaida gramu 400 hadi 500 za maji kwa kila gramu moja ya hewa ya ukaa inayoipata. Ukisoma takwimu hiyo peke yake utauacha muhogo palepale. Nakuomba usifanye haraka, nitaurudia.

Mahindi: matishari ya bandarini

Wenyeji wa Tanga mjini wanakumbuka miaka ambayo meli kubwa zilitia nanga mbali, mizigo ikashushwa kwenye matishari na kuletwa gatini. Jani la mahindi linafanya hivyo hivyo. Kwenye seli za nje hewa ya ukaa haikabidhiwi kwa rubisko. Inapokewa na kimeng'enya kingine ambacho oksijeni haiwezi kukihadaa hata kidogo, nacho kinaigeuza kuwa asidi yenye kaboni nne. Asidi hiyo ndiyo tishari. Inavushwa hadi seli za ndani zilizoizunguka mishipa ya jani kama pete, na huko inaishusha hewa ya ukaa mbele ya rubisko iliyofungiwa mahali ambapo hewa hiyo imejazana. Kosa la kunasa oksijeni linabaki dogo sana.

Njia hii huitwa C4. Marshall Hatch na Roger Slack waliieleza mwaka 1966 huko Australia wakichunguza muwa. Mtama na uwele nao wamo humo, na magugu yetu sugu kama ukoka vilevile. Chukua jani la mahindi uliinue kwenye jua: utaona mistari ya mishipa imekaribiana sana, kwa sababu kila seli ya nje inahitaji gati karibu nayo.

Faida ni mbili. Kwanza, jani linaweza kubana matundu kidogo na bado likapata hewa ya kutosha, kwa hiyo maji yanayopotea ni gramu 250 hadi 300 hivi kwa gramu moja ya hewa ya ukaa. Pili, jua kali linaloshibisha jani la muhogo kabla ya adhuhuri bado lina matumizi kwenye jani la mahindi. Ndiyo maana mahindi yaliyopata maji, mbolea na jua hukua mbele ya macho yako, wiki hii magotini, wiki ijayo kiunoni.

Lakini matishari yana nauli. Kila hewa ya ukaa moja inadai ATP mbili zaidi, jumla tano. Penye jua kali nguvu hiyo ipo tele na nauli haiumi. Kivulini inauma. Mahindi chini ya miembe hurefuka kwa kutafuta mwanga, yanakuwa membamba na kubeba vigunzi vitupu. Minazi mirefu iliyoachana haina shida kubwa, mwanga unapita. Mwembe mzito ni habari nyingine, na hapo hata muhogo na mkonge havitakushukuru. Kivuli cha aina hiyo kiachie magimbi.

Mkonge: madumu ya usiku

Kuna mitaa ambayo maji ya bomba hutoka usiku wa manane tu. Mwenye akili huamka, akajaza madumu yote, asubuhi mabomba yakikauka yeye anapika kama kawaida. Mkonge ndivyo unavyoishi. Jua likizama na hewa ikapoa, unafungua matundu yake. Hewa ya ukaa inaingia, inageuzwa kuwa asidi maliki, na kuhifadhiwa katika mfuko mkubwa ulio ndani ya kila seli, uitwao vakuoli. Kukipambazuka matundu yanafungwa. Mchana kutwa, mlango ukiwa umefungwa, asidi inatolewa kidogo kidogo, inaachia hewa ya ukaa, na rubisko inafanya kazi yake kwa nguvu ya mwanga kama kawaida. Njia hii huitwa CAM, na nanasi la Kiwangwa kule Bagamoyo linaishi hivyo hivyo.

Mtu mmoja aliigundua alama yake kwa ulimi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi India, aliandika kwamba majani ya mmea fulani wa bustani yalikuwa machachu sana alfajiri, adhuhuri hayana ladha, na jioni yana uchungu kidogo. Alikuwa anaonja akiba ya usiku ikitumika mchana. Usijaribu jambo hilo kwa mkonge: utomvu wake unawasha ngozi, sembuse ulimi.

Kwa maji, mkonge hauna mpinzani kati ya hawa watatu. Mimea ya CAM hupoteza gramu 50 hadi 100 tu kwa gramu moja ya hewa ya ukaa. Kasoro yake ni ukubwa wa madumu. Vakuoli ikijaa, usiku umekwisha hata kama kiza bado kipo, kwa hiyo kiasi cha chakula cha kesho kina mwisho. Matokeo yake ni mmea usioharakishwa: utangoja kama miaka mitatu kabla ya kukata jani la kwanza.

Ukitaka kuyaona haya bila maabara, chukua mifuko mitatu mikavu inayoonyesha, ile ya kufungia mkate. Saa sita mchana, siku ambayo mvua haijanyesha, vika mmoja kwenye jani la muhogo, mmoja kwenye la mahindi, mmoja kwenye ncha ya mkonge, ufunge kwa kamba. (Ncha ya mkonge ina mwiba, uukate kwanza.) Rudi saa nane. Nimelifanya na wanafunzi mara nyingi: muhogo unakuwa umejaza matone, mahindi yana ukungu na matone machache, na kwenye mkonge unakuta mfuko karibu mkavu. Mtoto akiona hilo kwa macho yake haulizi tena mantiki ya stomata.

Kwa wanaopenda kuviona vitu vikiwa vimepangwa:

| | Muhogo | Mahindi | Mkonge |
|---|---|---|---|
| Njia ya jani | C3 | C4 | CAM |
| Matundu hufunguka | mchana | mchana, kwa kubana | usiku |
| Maji kwa gramu 1 ya hewa ya ukaa | gramu 400–500 | gramu 250–300 | gramu 50–100 |
| Mavuno ya kwanza | miezi 8–12 | miezi 3–4 | miaka 3 hivi |
| Tarehe isiyosubiri | hauna | siku za kuchanua | hauna |

Mstari wa mwisho wa jedwali ndio uliobadilisha ushauri wangu kwa mjomba, na juu yake nitakaa kidogo.

Jani bora, kalenda mbaya

Ukipima jani kwa jani, mahindi yanaushinda muhogo kwa karibu kila kitu: yanatumia maji kidogo, yanapika haraka, hayapotezi kaboni kwa joto. Mbona basi Mei ile mahindi yalikufa na muhogo ukabaki?

Kwa sababu jani linapika, lakini mmea ndio unaopanga lini chakula kinahitajika. Mmea wa mahindi una siku chache katika uhai wake ambazo haziwezi kuahirishwa. Mbelewele hutoka juu na kumwaga poleni, ndevu hutoka kwenye gunzi kuipokea. Ukame ukipiga siku hizo, ndevu huchelewa, poleni huwa imekwisha kumwagika, na gunzi linabaki na punje za kuhesabu. Mvua ikirudi wiki mbili baadaye majani yatakunjuka vizuri kabisa, yawe mazuri machoni, ila hakuna tena cha kujaza. Jiko limepata kuni wageni wakiwa wameshaondoka.

Muhogo hauna siku ya namna hiyo. Mzizi unajazwa wanga miezi na miezi. Na muhogo una tabia moja ninayoiheshimu sana: hewa ikikauka tu, hata kabla udongo haujakauka, unafunga matundu. Ukame ukiendelea, unaangusha majani ya zamani ili usiwe na vinywa vingi vya kunywesha, unabakiza machache machanga, unasubiri. Mvua ikirudi, unachukua wanga kidogo kutoka mizizini na kuchipua majani mapya. Unapoteza muda, haupotezi msimu. Mizizi yenyewe inaweza kubaki ardhini ikikungoja wewe uwe tayari, jambo ambalo gunzi la mahindi halitakufanyia.

Kwa hiyo tusiseme kwamba C4 ni bora kuliko C3, kama vitabu vya shule vinavyoacha watoto waamini. Swali la mkulima ni je, mvua yangu ina uhakika katika zile siku za kuchanua? Bondeni penye unyevu jibu linaweza kuwa ndiyo. Kwenye mteremko wa Handeni, mara nyingi siyo.

Vinavyolila jani

Kuchagua zao ni kuchagua pia adui wa jani lake.

Kwenye muhogo Tanga ina historia ndefu kuliko wengi wanavyojua. Batobato, ugonjwa unaokunja majani na kuyatia mabaka ya njano, ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 kutoka Usambara hii hii. Ugonjwa wa pili, michirizi ya kahawia, ulielezwa na mtafiti Storey mwaka 1936 kutokana na kazi iliyofanyika kituo cha utafiti cha Amani, huko huko Usambara. Yote mawili ni virusi, na yote huenezwa na nzi weupe pamoja na pingili zilizotoka kwenye mmea mgonjwa. Batobato hulipiga jiko lenyewe: palipo na njano hakuna klorofili ya kutosha, na palipo haba klorofili hakuna wanga. Michirizi ni mbaya zaidi kwa sababu ya usiri wake. Majani yanaweza kuonekana ya kuridhisha, ukachimba mizizi ukakuta imeoza ndani, kahawia na ngumu kama kizibo.

Watafiti wa Amani walijaribu kuupa muhogo kinga kwa kuuchanganya na ndugu yake, mti wa mpira ulioletwa enzi za Wajerumani, ule ambao majani yake sisi tunayapika kama kisamvu cha mpira. Ninapenda kuwakumbusha wanafunzi kwamba kisamvu wanachokula kwao kina ukoo na kazi ya sayansi iliyofanyika kwenye milima wanayoiona dirishani.

Kwa kisamvu chenyewe, nina neno kwa mama zetu na shangazi zetu, kwa heshima zote. Kila jani linaloingia kinuni limetoka kwenye jiko la mzizi. Kuchuma vichomozo vichache kwenye mashina mengi hakudhuru sana. Kulivua shina moja majani yote, wiki baada ya wiki, ni kupika mchuzi wa leo kwa wanga wa mwakani. Ukitaka kisamvu kingi, tenga mistari miwili mitatu ya kisamvu tu, na mingine uiache ipike.

Mahindi yana viwavijeshi vamizi, walioingia nchini mwaka 2017. Hao hukaa moyoni mwa mmea, pale majani mapya yanapokunjuka, wakayatoboa kabla hata hayajaanza kazi. Kagua moyo wa mmea asubuhi kuanzia wiki ya pili baada ya kuota. Ukisubiri uone matundu makubwa umeshachelewa. Mkonge hauna msumbufu wa kiasi hicho. Adui yake mkubwa ni magugu yanayoufunika ukiwa mchanga, na maji yanayotuama. Hauvumilii miguu kukaa ndani ya maji.

Habari za singa

Mkonge haukuwa wa hapa. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na mwanzo huo mdogo Tanganyika ikawa nchi ya mkonge, na mwaka 1964 uzalishaji ulipita tani 230,000 kabla nyuzi za viwandani hazijauangusha. Baadaye kituo cha utafiti cha Mlingano, hapa Muheza, kilitoa chotara nambari 11648, ambacho huzaa majani mengi zaidi ya mara mbili ya mkonge wa asili kabla ya kutoa mlingoti. Mlingoti ukishatoka, mmea umemaliza safari: akiba yote inapanda juu kutoa maua na vichipukizi, kisha mmea unakufa.

Kabla hujavutiwa na jani lisilo na kiu, zingatia hesabu moja. Singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani bichi. Maana yake kila tani unayokata, kilo 960 ni maji na nyama ya jani. Hutaweza kusafirisha mzigo huo mbali, wala kuulaza siku nyingi baada ya kukata. Kama korona, yaani mashine ya kutoa singa kwenye majani, haipo karibu, au ipo lakini zamu ya wakulima wadogo haieleweki, mkonge wako utabaki pambo la kilimani. Ningeulizia korona kwanza, kisha udongo, mvua ndiyo ingekuwa ya mwisho.

Udongo wenyewe uwe na chokaa. Mkonge hula sana kalsiamu, na mashamba yaliyokatwa kwa miaka bila kurudishiwa kitu huonyesha majani yenye kasoro. Mawe ya chokaa yanayotokea pwani yetu, ndugu wa yale yaliyotengeneza mapango ya Amboni, kwa mahindi ni balaa la jembe. Kwa mkonge ni lishe.

Nilichomshauri mjomba

Nyumba ikiwa na ekari moja tu na watoto wa kulisha, mimi ningepanda muhogo, na nasema hivi nikijua kwamba jani lake ndilo linalomwaga maji kuliko yote matatu. Ningepanda kwa pingili zilizokaguliwa, za mbegu kama Kiroba inayovumilia michirizi, nami ningeng'oa bila huruma kila shina lenye mabaka miezi miwili ya mwanzo. Kuokoa shina moja gonjwa ni kulipa kwa mstari mzima.

Mahindi ningeyaweka pale tu ambapo mambo matatu yanakutana: jua la wazi, ardhi inayoshika unyevu, na mbegu ya muda mfupi iliyopandwa na mvua za kwanza ili siku za kuchanua ziangukie katikati ya masika, si mkiani. Anayechelewa kupanda wiki tatu ameliondolea jani lake faida yote ya C4. Na naitrojeni isikosekane, kwa kuwa vimeng'enya na klorofili vyote vinaihitaji. Jani la mahindi lenye njano inayoanzia ncha na kushuka katikati kama mkuki linakuomba hilo.

Mkonge ni wa mwenye ardhi ya ziada, kavu na yenye mawe, aliye karibu na korona, na ambaye mlo wa mwaka huu hautegemei kilima kile.

Ekari za mjomba zilikuwa na vyote hivyo, ndiyo bahati yake. Tulizipita kwa miguu jioni moja. Kando ya kijito, ekari moja, mahindi. Kilimani, mahali jembe linapolia, ekari moja na nusu za mkonge, kwa kuwa korona iko mwendo wa trekta na anaye jirani wa kushirikiana naye kukodi. Ekari mbili za mteremko, muhogo. Chini ya miembe nilimwambia aache magimbi yaliyopo yaendelee, yeye akataka kujua kwa nini yana majani mapana hivyo. Nikamjibu kwamba penye mwanga haba anayepata ni mwenye sahani kubwa.

"Na zile pingili za jirani?" akauliza. "Amenipa bure, nimeziweka pale chini ya mwembe."

Tukaenda kuziangalia. Nikazikata chache kwa panga. Kisha tukavuka mpaka kwenda kwenye shamba zilikotoka, tukainama kwenye majani ya chini ya kila shina, mjomba upande wake na mimi wangu, tukitafuta njano kandokando ya mishipa hadi giza lilipotukuta. Mashina saba yalikuwa nayo. Tulirudi kimya, akachukua rundo lote la pingili akalipeleka jikoni kuwa kuni, na asubuhi alipiga simu kwa bwana shamba kuuliza mbegu safi itapatikana wapi kabla ya vuli.